Misuli ya moyo inapovimba kwa mtoto: namna ya kugundua mapema na kumtunza baada ya hospitali

Mtoto ameugua mafua au kuhara kwa siku chache. Homa imeanza kushuka, lakini yeye hachangamki. Anahema, amepauka, hataki kunyonya, au analalamika kifua kinauma. Katika hali kama hiyo ndimo ugonjwa wa kuvimba kwa misuli ya moyo, ambao madaktari huuita miokaditisi, hujificha. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hawatambuliwi mara ya kwanza wanapopelekwa kituoni. Mmoja hupewa dawa ya pumu, mwingine antibayotiki ya nimonia, mwingine dripu kwa sababu ametapika. Dalili zinafanana kweli, na hakuna dalili moja ya nje inayoutaja ugonjwa huu kwa jina. Kinachomwokoa mtoto ni mtu aliyeona kwamba mapigo ya moyo na pumzi havilingani na ugonjwa unaodhaniwa, akavipima kwa saa, akarudi hospitali bila kuona haya.

Mara nyingi chanzo ni virusi. Vinavyojulikana zaidi ni virusi vya kundi la entero, hasa koksaki B, pamoja na adenovirusi, parvovirusi B19, virusi vya mafua makali na vya UVIKO-19. Virusi huingia kwenye seli za misuli ya moyo na kuziharibu, kisha kinga ya mwili inapokuja kupambana navyo huongeza uvimbe na kuharibu seli nyingine zaidi. Ndiyo maana moyo unaweza kuzidi kudhoofu wakati mafua yenyewe yameshaisha. Vyanzo visivyo vya virusi vipo pia: sumu ya dondakoo kwa mtoto ambaye hakuchanjwa, ugonjwa wa Chagas kwa watoto wa Amerika ya Kusini na ya Kati, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, na mara chache dawa. Chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA zilileta visa vichache, hasa kwa wavulana waliobalehe, kwa kawaida ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili, na vingi vilikuwa vyepesi.

Misuli iliyovimba huleta shida mbili, na yote utakayosoma hapa chini yanarudi kwenye hizo mbili. Ya kwanza, moyo hausukumi damu kwa nguvu, hivyo damu hurundikana kwenye mapafu na kwenye ini huku ubongo, figo na ngozi vikikosa damu ya kutosha. Ya pili, umeme wa moyo huvurugika: unaweza kwenda mbio kupita kiasi, kwenda taratibu mno, au kusimama ghafla. Mtoto anaweza kuwa na shida ya pili bila ya kwanza. Hapo ndipo mtoto anayeonekana mzima huanguka uwanjani.

Kumpima mtoto nyumbani

Unahitaji saa yenye mshale wa sekunde au simu, kipimajoto, na mtoto aliyetulia. Ukimpima akiwa analia, namba zote ni bure. Wakati mzuri kuliko wote ni akiwa amelala.

Anza na pumzi. Funua kifua na tumbo, kisha hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa mafungu na hesabu fupi hudanganya. Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua kasi akifika mara 60 kwa dakika au zaidi. Wa miezi 2 hadi 11, mara 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, mara 40 au zaidi. Hivi ndivyo vipimo vinavyotumika kutambua nimonia, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: moyo uliochoka hutoa namba zilezile. Kwa hiyo usiishie kwenye pumzi.

Pima mapigo ya moyo. Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, weka vidole viwili upande wa ndani wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, ukibonyeza polepole hadi upate mshipa. Kwa aliye mkubwa zaidi tumia kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako mwenyewe, kwa kuwa kina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Mtoto akiwa macho na ametulia, mapigo ya kawaida ni takriban 100 hadi 180 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, 98 hadi 140 kwa wa mwaka 1 hadi 2, 80 hadi 120 kwa wa miaka 3 hadi 5, 75 hadi 118 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na 60 hadi 100 kwa kijana. Akilala yanashuka.

Homa nayo hupandisha mapigo, kiasi cha mapigo 10 kwa kila nyuzi 1 iliyoongezeka. Chukua mtoto wa miaka 4 mwenye nyuzi 38.5. Kwa kawaida moyo wake haupiti 120, na homa inaweza kuongeza 15 hivi. Ukikuta 135 hakuna ajabu. Ukikuta 165 akiwa amelala, homa peke yake haielezi. Mpe parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, subiri kama saa moja hadi homa ishuke, kisha hesabu tena. Mapigo yakibaki juu wakati mwili umepoa, hiyo ni sababu tosha ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kama tayari anahema kwa shida au amelegea, usisubiri saa hiyo ipite.

Angalia mzunguko wa damu. Bonyeza ngozi ya katikati ya kifua kwa kidole kwa sekunde 5, kisha uachie. Weupe unatakiwa kutoweka kabla ya sekunde 3. Gusa miguu na viganja: vikiwa baridi huku tumbo na kichwa ni vya moto, na chumba hakina baridi, damu haifiki pembeni. Kwa ngozi nyeusi, weupe wa mtoto hauonekani mashavuni, hivyo tazama ndani ya midomo, kwenye kope za chini na viganjani. Mkojo nao ni kipimo kizuri sana ambacho wengi hukisahau. Mtoto aliyekaa saa 6 hadi 8 bila kulowesha nepi, ingawa hajahara sana, huenda figo zake hazipati damu ya kutosha.

Kwa mtoto anayenyonya, kunyonya ndiyo mazoezi yake. Mchunguze hapo. Mwenye moyo dhaifu huanza kwa hamu, kisha huachia baada ya dakika chache akihema, jasho likimtoka kwenye paji la uso, hulala kwa uchovu na kuamka na njaa muda mfupi baadaye. Mtoto mwenye pua iliyoziba pia huachia titi, lakini hatoki jasho na ukimsafisha pua huendelea.

Tumbo pia lina habari. Kutapika na maumivu chini ya mbavu za kulia, bila kuhara au kwa kuhara kidogo tu, kunaweza kutokana na ini lililojaa damu iliyoshindwa kurudi kwenye moyo. Huu ndio mtego mkubwa kwa watoto wa umri wa shule: wanatibiwa tumbo wakati ugonjwa uko kifuani. Ini haliko peke yake katika kudanganya. Mtoto ambaye hajawahi kuwa na pumu, akaanza ghafla kutoa sauti ya mluzi kifuani anapopumua, akapewa dawa ya kupanua mapafu na badala ya kupata nafuu mapigo yakazidi kwenda mbio, anahitaji kuangaliwa moyo kabla ya kuongezewa dawa ileile.

Nenda hospitali mara moja, usiku hata mchana, ikiwa mtoto amezimia, hasa akiwa anacheza au anakimbia. Ikiwa ana maumivu ya kifua pamoja na homa au baada ya ugonjwa wa virusi. Ikiwa moyo wake unaenda mbio bila sababu au unaruka mapigo. Ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Ikiwa midomo imekuwa ya kijivu. Au ikiwa amelegea na hakutazami usoni. Mtoto aliyezimia kisha akaamka na kuomba chakula bado ni wa kupelekwa. Kuamka kwake hakuonyeshi kwamba umeme wa moyo uko salama.

Njiani, mkalishe au mbebe wima kifuani mwako, usimlaze chali, maana akilala maji hupanda mapafuni na pumzi hukatika zaidi. Asitembee hata kama anaweza. Usimlazimishe kunywa, akitaka kunyonya, mpe kidogo kidogo. Akiacha kupumua, au akivuta pumzi moja moja za kukata roho na haitiki, mlaze mahali pagumu na uanze kubonyeza katikati ya kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua: takriban sentimita 4 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, sentimita 5 kwa mkubwa zaidi. Mibonyezo 30, pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Kama mashine ya kushtua moyo ipo karibu, iwashe na ufuate maelekezo yake ya sauti.

Ukifika, usiseme tu "ana homa". Sema namba: "Mapigo yake yalikuwa 165 amelala, homa ikiwa imeshuka, amenyonya nusu ya kawaida tangu jana, hajakojoa tangu asubuhi." Kisha uliza wazi: "Je, moyo wake unaweza kuwa na shida? Mnaweza kumpima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo?" Swali hili halimvunjii daktari heshima. Ukirudishwa nyumbani, uliza ni dalili gani ikitokea urudi, na ikitokea, rudi hata kama ni saa mbili tu zimepita.

Kwa mhudumu anayempokea

Kabla ya kitu kingine chochote, papasa ini na usikilize moyo. Ini lililoshuka, sauti ya tatu ya moyo inayofanya mapigo yasikike kama mwendo wa farasi, au sauti za moyo zilizofifia kwa mtoto anayehema, vinatosha kukusimamisha usimpe maji mengi. Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Mtoto mwenye mshtuko, yaani ambaye damu haifiki vya kutosha mwilini, kwa kawaida huwekewa mililita 20 kwa kilo haraka, na mtoto mwenye miokaditisi anaweza kuzama kwa maji hayo hayo: misuli isiyoweza kusukuma kilichopo haiwezi kusukuma cha ziada. Kama ni lazima apate maji kwa sababu kweli amepungukiwa, mpe mililita 5 hadi 10 kwa kilo kwa dakika 10 hadi 20, kisha papasa ini tena na usikilize mapafu kabla ya kuongeza hata tone. Akizidi kuhema, ini likikua au mapigo yakipanda, simamisha.

ECG ifanywe kwa kila mtoto anayeshukiwa. Mapigo ya haraka ndiyo yanayoonekana zaidi, pamoja na mawimbi madogo, mabadiliko ya sehemu za mchoro ziitwazo ST na wimbi T, au kuzibwa kwa njia ya umeme. ECG iliyo sawa kabisa hupunguza shaka, haiiondoi. Picha ya kifua inaweza kuonyesha moyo mkubwa na mapafu yenye maji, lakini ugonjwa ukiwa wa siku mbili tatu moyo unaweza kuwa bado una ukubwa wa kawaida, kwa sababu haujapata muda wa kutanuka. Troponini, protini ya misuli ya moyo inayopimwa kwenye damu, ikipanda, misuli inaumia. Troponini ya kawaida kwa mtoto aliyeugua wiki kadhaa haimtoi kwenye orodha. Kipimo cha BNP, homoni ambayo moyo ulioelemewa huitoa kwenye damu, husaidia kutenganisha kuhema kunakotokana na moyo na kule kunakotokana na mapafu.

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo inayoamua hatua ya haraka. Sehemu ya damu inayosukumwa kila pigo, ambayo kwa kawaida ni asilimia 55 au zaidi, hushuka. Kwenye ugonjwa mkali unaokuja kwa saa chache, kuta za moyo huonekana nene kwa uvimbe na chumba cha kushoto kikiwa hakijatanuka. Usidanganywe na udogo huo wa chumba. MRI ya moyo, yaani picha ya mashine ya sumaku, huonyesha uvimbe na makovu bila kukata nyama, ila inataka mtoto aliyetulia, na kumpa usingizi mtoto mwenye moyo dhaifu ni hatari, hivyo mara nyingi husubiri. Kuchukua kipande cha misuli ndicho kipimo chenye uhakika zaidi, lakini kinaweza kukosa sehemu iliyougua na kina hatari zake kwa watoto wadogo, kwa hiyo hufanywa kwa wachache waliochaguliwa.

Kuna magonjwa mawili yanayovaa sura ya miokaditisi na yana tiba tofauti kabisa. Usiandike miokaditisi kwenye faili kabla ya kuyaondoa. La kwanza ni mtoto mchanga ambaye mshipa wa kushoto unaolisha moyo umetokea kwenye mshipa wa mapafu badala ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Tafuta mawimbi Q yenye kina kwenye sehemu za ECG ziitwazo I na aVL, na eko ifuate mahali mshipa unapoanzia. Huyu anahitaji upasuaji, na akipata misuli hupona vizuri. La pili ni moyo unaokwenda mbio kwa hitilafu ya umeme kwa siku nyingi hadi ukachoka. Mapigo yanayozidi 220 kwa mchanga au 180 kwa mkubwa, yasiyobadilika mtoto akilia au akitulia, si ya homa. Ukirekebisha mwendo, nguvu hurudi.

Matibabu kwa sehemu kubwa ni kuubeba moyo hadi ujirekebishe. Oksijeni, utulivu, na furosemidi, dawa ya kukojoza maji, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa mtoto aliyejaa maji na ambaye presha yake inaruhusu. Milrinoni mikrogramu 0.25 hadi 0.75 kwa kilo kwa dakika husaidia moyo kusukuma na kulegeza mishipa, lakini huangusha presha, kwa hiyo usianze na dozi kubwa ya kwanza na usiipe presha ikiwa tayari chini. Hapo adrenalini ya dozi ndogo ndiyo inayotangulia. Kumbuka kwamba dawa hizi pia huchokoza umeme wa moyo. Tumia kiasi kidogo kinachotosha. Kumwekea mtoto huyu mrija wa kupumulia ni wakati wa hatari kubwa kuliko unavyoonekana: dawa za usingizi huondoa msukumo wa mwisho uliokuwa unashikilia presha, na moyo unaweza kusimama papo hapo. Afanye mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote waliopo, adrenalini ikiwa imeshavutwa kwenye bomba.

Kinga ya mishipani, yaani imunoglobulini, hutolewa sehemu nyingi kwa jumla ya gramu 2 kwa kilo, ingawa ushahidi wa faida yake kwa watoto wote si imara. Nayo ni maji mengi yanayoingia, kwa hiyo ipite polepole. Steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, zina nafasi kwenye aina fulani, kama miokaditisi inayotokana na kinga kushambulia mwili au uvimbe wa mwili mzima unaofuata UVIKO-19. Ibuprofeni na ndugu zake ziepukwe, hasa nguvu ya moyo ikiwa imeshuka: hushikilia maji mwilini, hubana figo, na kwenye majaribio ya wanyama zilizidisha uharibifu wa misuli.

Mtoto ambaye hajibu dawa apelekwe mapema kwenye kituo chenye mashine ya kusukuma na kuoksijenisha damu nje ya mwili. Neno ni mapema. Piga simu kwenye kituo hicho wakati bado anaongea, usingoje hadi moyo usimame mara ya kwanza.

Yanayotokea baadaye

Wazazi huuliza swali moja: atapona? Jibu la kweli ni kwamba wengi hupona, na hakuna anayeweza kuahidi kwa mtoto mmoja mmoja siku ya kwanza. Kwenye hospitali zenye chumba cha watoto mahututi (ICU) na mashine saidizi, takriban watoto 9 kati ya 10 waliolazwa hutoka wakiwa hai. Hata kati ya wale waliofikia kuunganishwa na mashine ya nje ya mwili, wanaonusurika ni karibu 6 kati ya 10. Katika sajili ya kardiomayopathi, yaani magonjwa ya misuli ya moyo, ya watoto wa Amerika ya Kaskazini, zaidi ya nusu ya watoto wenye miokaditisi walirudi kuwa na moyo wa ukubwa na nguvu ya kawaida ndani ya miaka 3. Waliobaki hugawanyika: wapo wanaoishi na moyo uliotanuka wakitumia dawa, wapo wanaohitaji kupandikizwa moyo, na wapo wanaofariki.

Umri na namna ugonjwa ulivyoingia vinasema mengi. Watoto wachanga wa wiki za kwanza, hasa walioambukizwa virusi vya entero, wako kwenye hatari kubwa kuliko wote. Kijana aliyekuja na maumivu ya kifua, troponini iliyopanda na moyo unaosukuma vizuri, kwa kawaida hupona ndani ya siku au wiki chache. Ugonjwa mkali unaomwangusha mtoto kwa saa chache unatisha sana, na wengine hufariki, lakini anayevuka siku hizo za kwanza anaweza kupata moyo mzima kabisa. Aliyeugua polepole, akaja na moyo ambao tayari umetanuka, mara nyingi ana safari ndefu zaidi. Kovu linaloonekana kwenye MRI miezi kadhaa baadaye huongeza hatari ya mapigo kuvurugika hata eko ikiwa safi.

Baada ya kuruhusiwa nyumbani

Mtoto mwenye moyo uliodhoofika hutoka na dawa kama kaptoprili au enalaprili za kulegeza mishipa, furosemidi na spironolaktoni za kutoa maji, na baadaye pengine karvediloli ya kupunguza mzigo wa moyo. Pima dawa ya maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni. Kila unapochukua dawa mpya dukani, soma nguvu yake kwenye chupa: dawa ileile inaweza kuja na miligramu mbili tofauti kwa mililita, na mililita ulizozoea zikawa dozi maradufu. Akitapika baada ya dozi, usirudie kwa kubahatisha. Uliza kabla ya kutoka hospitali kila dawa ina kanuni gani. Ukisahau dozi, usiunganishe mbili.

Mpime uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kwa mizani ileile, nguo kidogo. Uzito ukipanda ghafla kwa siku moja mbili, huku macho yakivimba au pumzi ikiongezeka, ni maji na si kunenepa. Ukishuka huku anahara au anatapika, shida ni ya upande wa pili: furosemidi na kaptoprili kwa mtoto aliyekauka huangusha presha na kuumiza figo. Piga simu siku hiyohiyo, kwa kuwa daktari anaweza kusimamisha dawa hizo kwa muda. Usizisimamishe mwenyewe, na usizisimamishe kwa sababu mtoto anaonekana amepona. Damu ipimwe potasiamu na figo kila dozi inapobadilishwa. Na homa ikija, parasetamoli, si ibuprofeni.

Jambo gumu kuliko yote ni kupumzika, kwa sababu mtoto mwenyewe anajisikia vizuri. Michezo ya ushindani, mbio, mpira, kuogelea kwa kasi na mazoezi ya nguvu husimama kwa miezi 3 hadi 6 tangu ugonjwa uanze. Misuli ambayo bado ina uvimbe, ikisukumwa kwa bidii, inaweza kuzalisha umeme wa hovyo, na hicho ndicho chanzo cha vifo vya ghafla kwa vijana waliorudi mapema. Kutembea polepole, kuchora, kwenda darasani, kucheza akiwa ameketi vinaruhusiwa hali ikiwa imetulia. Mwandikie mwalimu wa michezo barua yenye sahihi ya daktari. Usimwachie mtoto kazi ya kukataa mbele ya wenzake, maana hatakataa. Kabla ya kurudi uwanjani, eko iwe sawa, troponini iwe imeshuka, na ECG ya saa 24 pamoja na kipimo cha mazoezi visionyeshe mapigo yaliyovurugika. Kipimo kimoja kikikosekana, ruhusa bado haijatimia. Akisharuhusiwa, aanze kwa wiki kadhaa za mazoezi mepesi.

Kama alipewa imunoglobulini ya gramu 2 kwa kilo, chanjo za surua na tetekuwanga kwa kawaida huahirishwa miezi 11, kwa kuwa kinga aliyopewa huzima chanjo kabla haijafanya kazi. Iandike kwenye kadi yake ya kliniki tarehe aliyopewa. Chanjo nyingine zisizo hai haziathiriki, na ya mafua ni muhimu kwake. Aliyepata miokaditisi baada ya chanjo ya mRNA asipewe dozi nyingine ya aina hiyo kabla mtaalamu wa moyo hajaamua.

Kliniki ya moyo huwa ya karibu karibu mwanzoni, kisha huachana kadiri nguvu inavyorudi, na aliyebaki na kovu huendelea kuangaliwa hadi utu uzima. Kama moyo haujarudi baada ya miezi, au kama ndani ya ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana au mwenye moyo mkubwa, mwambie daktari. Baadhi ya watoto huwa na hitilafu ya kurithi kwenye misuli ya moyo ambayo virusi viliifichua tu, na hapo ndugu wa tumbo moja na wazazi nao wanatakiwa kupimwa ECG na eko, hata kama hawana dalili.